Njama ya Idara ya Mimea

Jumatatu, 3 Machi

Makomredi mtakaosoma kurasa hizi baada ya ushindi: adui yumo ndani. Msimamizi wangu ametangaza kwamba historia ya falsafa haisomwi tena kwa falsafa peke yake. Kila tasnifu itapitiwa pia na msomaji wa idara nyingine. Bila sahihi yake, hakuna kuhitimu. Nikamuuliza nani amemtuma. Akaniambia nikae. Nimelizingatia hilo.

Jumanne, 4 Machi

Msomaji tunajichagulia wenyewe, nami nimewachambua wote. Mwanahistoria atadai tarehe. Mwanaisimu atadai nisome matini katika lugha ya asili. Mwanafizikia ni mpole kupita kiasi. Nimemchagua profesa wa mimea, mama wa makamo. Atajua nini kuhusu Wakati na Sababu? Ataweka sahihi, atarudi kwa majani yake. Katibu wa chama chetu cha wanafunzi alisema, kaka, hapo unajipalia makaa. Nani anamlisha maneno?

Alhamisi, 6 Machi

Profesa alinikaribisha chai. Ishara mbaya. Sura yangu ya tatu inathibitisha kwamba mwanafalsafa wangu wa kale, alipoandika juu ya mti unaochanua kabla ya kuota majani, alikuwa akitanguliza matokeo mbele ya sababu. Mapinduzi kamili ya fikra. Mama akasoma, akavua miwani, akauliza: mwanangu, umewahi kuchungulia dirishani? Nje palikuwa na mti. Maua tele, jani hata la dawa hakuna. Akasema iko mingi ya namna hiyo. Huenda mzee wa watu aliandika alichokiona. Falsafa yake haifi kwa hilo, akaongeza. Tujiulize tu kwa nini mti huo ulimfikirisha vile. Sahihi hakuweka.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi amefurahi. Anasema sura ya tatu mpya, nikisaidiwa na yule mama, itaipita ile ya awali kwa mbali. Ameniongezea wiki sita. Ukarimu huo una jambo. Nikamwendea mtunza bustani, nikamhoji nani aliupanda mti ule, mbele ya dirisha lile hasa. Idara ya Mimea, akasema, kitambo, wewe hata hujazaliwa. Nilipomsimulia, Katibu akacheka, akasema basi yamekwisha.

Ndiyo kwanza yameanza. Wamenivizia tangu kabla sijazaliwa! Wiki sita zinatosha kuandaa mashitaka; sura itasubiri. Kikao cha dharura kesho, saa kumi jioni, ukumbi mdogo. Mapazia yatafungwa.