Gari la Bibi Harusi na Milango Inayolia

Jumamosi, 9 Novemba

Aibu! Aibu tupu, tena mbele ya wali wa bata mzinga, chakula nikipendacho kuliko vyote.

Tulikuwa kwa Mama, ukoo mzima, kupanga msafara wa harusi ya mdogo wangu Teng-yuan. Anaoa Jumapili ya wiki ijayo. Magari sita, hapo hakuna ubishi. Ubishi ni gari la bibi harusi. Nikasema litakuwa langu. Nilisema kwa sauti ya mtu asiyehitaji kuulizwa. Baba alipofariki ni mimi niliyempakia Teng-yuan kwenye baiskeli kwenda shule, mvua kwa jua. Leo bibi harusi wake apakiwe na nani mwingine?

Binamu yangu Po-kai akacheka mpaka punje ya wali ikamtoka puani. Akasema, "Kaka Teng-fa, gari lako linalia kama kabati la vyombo kwenye tetemeko la ardhi. Bibi harusi atashuka hana meno!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mke wangu. Hata bata mzinga, naapa.

Ukweli ni huu, nauandika humu tu. Nilinunua spika kubwa kwa jamaa aliyekuwa anafunga ukumbi wake wa karaoke. Milango ya nyuma haikupenda. Besi ikigonga, paneli za plastiki za milango zinajibu: tararara! Siku zote nimewaambia watu kwamba ni sehemu ya muziki.

Mama akakata shauri. Alhamisi jioni atapanda magari yote mawili, langu na la Po-kai. Atasikiliza ule wimbo alioutaka Teng-yuan, kisha ataamua. Gari la bibi harusi likilia kama mifupa, alisema, ni mkosi.

Sawa. Alhamisi iko mbali. Akili ninazo.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekwenda kwa fundi wa muziki wa magari, karibu na kituo cha treni. Akabonyeza paneli kwa kidole, akasikiliza, akasema ifunguliwe, bati la ndani libandikwe shuka nzito za mpira, klipu zote zibadilishwe, nyaya zifungwe zisichezecheze. Siku nzima. Nimletee gari Jumatano.

Siku nzima! Kwa kubandika mpira! Nikamuaga kwa heshima. Mjini hapa hawanipati.

Nimefanya mwenyewe, uani. Paneli hufunguliwa kwa kuivuta. Nikavuta. Klipu zikaruka kama panzi, nyingine zikavunjika, moja ikaingia kwenye supu ya jirani (anadai). Ndani nikabandika mkeka wa mazoezi wa mke wangu, nilioukata vipande vizuri sana, vilivyolingana. Nikarudisha paneli. Klipu zilizobaki hazikutosha, nikasaidia kwa utepe wa gundi.

Nikawasha muziki. Zamani ilikuwa tararara. Sasa ni tararara na pwap! pwap! juu yake. Ule mkeka unapiga makofi.

Yueh-chiao, mke wangu, akatoka kuuliza kama nimeona mkeka wake. Nikamwambia mazoezi mazuri ni ya sakafuni. Akautazama mlango. Akanitazama mimi. Akarudi ndani, akafunga komeo taratibu. Mwanamke akifunga komeo hivyo, heri radi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimegundua kosa langu. Muda wote nahangaika na gari langu, kumbe tatizo ni gari la Po-kai! Lingekuwa nalo linalia, tungekuwa sawa, na mimi ndiye mkubwa.

Leo mchana Po-kai alikuwa dukani kwake anauza kofia za pikipiki. Gari lake jeusi liko nje, dirisha limeshushwa kidogo kwa sababu ya joto. Nilikuwa na choroko mfukoni. Nikapita kama mtu anayeangalia bei za kofia. Pale kioo kinapozama mlangoni pana mpenyo. Nikamimina. Choroko zikateremka taratibu, sauti tamu kama mvua kwenye majani ya ndizi.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Yueh-chiao akauliza choroko za uji wake zimekwenda wapi. Nikasema panya. Akasema panya huyo avue viatu anapoingia jikoni.

Alhamisi, 14 Novemba, asubuhi

Balaa! Po-kai amepiga simu kunishukuru!

Anasema juzi jioni alisikia mlango wake unalia, akaogopa nitamcheka. Jana akalipeleka gari kwa yule fundi wa karibu na kituo. Milango yote minne imefunguliwa, imebandikwa mpira, klipu mpya. Ndani ya mlango wamekuta choroko. Akasema, "Kaka, panya wa mji huu wana akili, wanaweka akiba garini!" "Na bila milango yako kunitia wasiwasi," akasema, "nisingejali." Sasa gari lake limetulia kama hekalu.

Nikamwambia hongera.

Jioni Mama anakuja. Nimekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Halafu nikaona. Ukutani, pale walipoweka kiyoyozi kipya, pengo lote limezibwa na povu la manjano. Lile linalotoka kwenye kopo. Unapuliza, linavimba, linaganda. Gumu! Kimya! Ukuta huo haujawahi kulia.

Hung Teng-fa, wewe ni mtu hatari.

Alhamisi, 14 Novemba, jioni

USHINDI!

Nilinunua makopo ya kutosha. Nikaingiza mrija kwenye matundu ya mlango wa nyuma wa kushoto, nikapuliza mpaka povu likanichungulia. Kisha wa kulia. Nikarudisha paneli nikiwa nimezikalia. Nikawasha muziki.

Kimya. Hakuna tararara, hakuna pwap. Wimbo umekuwa mdogo kidogo, kama mtu anayeimba amefunikwa blanketi, lakini ni mtu mwenye adabu.

Mama akapanda kwanza kwa Po-kai. Besi yake ilikuwa safi, nakiri, lakini Mama alishuka ameshika kifua. Alisema moyo wake umeruka kama chura. Akapanda kwangu. Akafunga macho. Wimbo ukaisha hajui kama ulianza. Akasema, "Hili. Humu bibi harusi hata akilia, tutasikia kilio chake."

Teng-yuan akanishika bega. Na mimi nikajifanya nina vumbi jichoni.

Po-kai akasema amekubali. Alikuwa ameinama ananusa paneli. Aendelee kunusa.

Ijumaa, 15 Novemba

Povu halijamaliza kuvimba. Kopo limeandikwa jambo hilo kwa herufi ndogo, sijui kwa nini wanaficha mambo muhimu. Paneli zimefura kama mashavu ya mtoto mwenye matubwitubwi. Nimezifunika kwa vitambaa vyekundu vya harusi. Zinapendeza.

Mkono wa ndani wa mlango haufungui tena. Sijali. Bibi harusi hafungui mlango mwenyewe, hufunguliwa. Kwa nje mlango unafunguka, kwa kuvuta na mguu ukiwa umekanyaga bati.

Vidole vyangu vyote ni vya manjano, na havitoki kwa sabuni, siki wala kisu. Yueh-chiao anasema nivae glavu nyeupe, kama dereva wa waziri. Hili ni wazo langu la muda mrefu.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikiwa nimelowa. Lakini niandike kwa mpango.

Tulifika kwa kina bibi harusi salama, magari sita, mwanzi mrefu wenye majani, wa baraka, umefungwa juu ya paa la langu. Nimevaa glavu. Nilikuwa wa kwanza! Po-kai alikuwa nyuma yangu, anakula moshi wangu.

Pei-jung, bibi harusi, akatoka akilia. Mama yake analia zaidi, tangu alfajiri wanasema, mpaka poda imeacha mifereji usoni. Ni binti wake wa pekee. Baba yake amesimama na beseni la maji mikononi, tayari kulimwagia gari likiondoka, kama desturi: maji yakimwagika hayarudi, na binti asirudi kwao. Nikavuta mlango, nikakanyaga bati, Pei-jung na Teng-yuan wakaingia nyuma. Nikaufunga. Kiti cha mbele kando yangu kilijaa maboksi ya keki mpaka juu ya kioo.

Nikawasha wimbo. Ukanong'ona vizuri.

Fataki zikaanza kulipuka. Na mshenga, Bi Kui-hsiang, mama mwenye kishungi cha nywele kirefu na maua kichwani, akapaza sauti: "Bibi harusi, tupa upepeo!"

Upepeo.

Jamani, upepeo! Kila bibi harusi huutupa dirishani gari linapoondoka, hasira zake za usichana zibaki barabarani, zisimfuate kwa mume. Nimeona harusi mia! Na mimi nimejaza mlango povu mahali kioo kinapozamia!

Pei-jung akabonyeza swichi. Mlango ukanguruma kama tumbo. Kioo hakikusogea hata unene wa kucha.

"Shemeji," akasema taratibu, "dirisha."

Nikamwambia ajaribu la upande wa pili. Teng-yuan akabonyeza. Ngurumo nyingine. Nikaona macho yake kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Ndiyo macho yale yale ya kwenye baiskeli, siku tuliyotumbukia mtaroni.

"Kaka, umefanya nini?"

Nikasema tufungue mlango kidogo tu. Mkono wa ndani ukabaki mkononi mwake. Nje Bi Kui-hsiang akaona tunahangaika na mlango, akapiga ukelele: bibi harusi akishaingia, mlango haufunguliwi mpaka kwa mumewe! Mnataka binti arudi kwao? Fataki zinaisha. Watu wameanza kunong'onezana. Mama yake Pei-jung amejifunika uso kwa leso. Nilitamani ardhi inimeze, na gari lote.

Hapo Pei-jung akavua viatu.

Akapandisha lile gauni, likajaa gari kama povu jingine, akapita katikati ya viti viwili vya mbele, goti moja begani kwangu, taji lake likinichoma sikio. "Shemeji, shusha lako!" Nikashusha kioo changu. "Inama!" Nikainama. Akautupa upepeo kwa nguvu zake zote.

Bi Kui-hsiang alikuwa anakuja mbio upande wangu kunikaripia. Upepeo ukamkuta, ukachomeka kwenye kishungi, ukasimama pale kama bendera.

Baba wa bibi harusi, maskini, alikuwa anasubiri kitu kimoja tu: aone upepeo ukiruka. Ameuona. Akamwaga beseni. Lote. Dirishani kwangu.

Nimekaa pale maji yananitiririka masikioni. Kisha nikasikia sauti. Nilidhani ni kilio. Ni mama yake Pei-jung. Anacheka! Ameshika ubavu, ameegemea ukuta, leso imeanguka, anamnyooshea kidole mshenga na hawezi kusema. Akaanza mumewe, beseni tupu likimtikisika mikononi. Wakafuata majirani. Po-kai alikuwa amekaa chini barabarani kabisa.

Bi Kui-hsiang ni mshenga mzoefu, hakosi neno la baraka. Akaugusa upepeo, akanyoosha mgongo, akatangaza: "Upepeo umemrudia aliyewaunganisha! Fundo hili halitafunguka!" Watu wakapiga makofi.

Nikaondoa gari kabla hajapata neno jingine.

Njiani Pei-jung alikuwa amerudi kiti cha nyuma, gauni limekunjamana, miguu haina viatu. Nikamwomba radhi. Nikasema Po-kai ana gari zuri zaidi, nilijua tangu mwanzo. Akanyoosha mikunjo ya gauni. Kisha akasema, "Shemeji, nilikuwa naogopa kumwacha Mama akilia. Nisingeweza kula leo. Umeona alivyocheka?"

Nikasema nimeona.

"Basi endesha."

Nikaendesha. Kwa Mama walifungua mlango watu watatu, Po-kai ndiye aliyevuta kwa nguvu zaidi, na hakutoa kejeli hata moja. Akaniletea shati lake kavu. Linanibana, lakini kavu. Karamuni wazazi wa bibi harusi walikuja mezani kwangu kwanza, kabla ya wengine, kugonganisha glasi. Kifua changu kimekuwa chepesi. Nimekula sahani tatu.

Jumanne, 19 Novemba

Fundi wa karibu na kituo ameitazama milango yangu kwa muda mrefu. Akawaita wenzake nao waitazame. Anasema povu hilo halitoki kwa dawa, linachongwa kwa patasi, na spika zimezama humo kama visukuku. Po-kai amejitolea kunisaidia kuchonga Jumamosi. Nikakiri kwake lile jambo la choroko. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema alikuwa anajua: panya gani anaacha alama ya glavu kwenye kioo? Nikamwambia siku ile sikuvaa glavu. Akasema, "Basi nilikuwa nabahatisha. Lakini umekiri."

Mke wangu amepata mkeka mpya, wa zambarau. Teng-yuan na Pei-jung wamepiga simu, wanakula embe na hawajagombana bado. Mambo yote yametulia. Namshukuru kila anayestahili.

Hata gari limetulia. Karibu. Leo narudi nyumbani, milango kimya, nikasikia kitu nyuma. Tiri-tiri-tiri. Milango ilikuwa inaficha sauti hiyo siku zote! Nimeegesha, nimesikiliza. Ni buti la gari.

Nina kopo moja limebaki, zima, halijafunguliwa. Na kosa la safari ile nimelielewa vizuri: ni madirisha. Buti halina dirisha. Nimelikagua kote.

Humo limo gurudumu la akiba tu na jeki yake, na mimi pancha sijapata tangu nilinunue gari hili.