Waraka Namba Saba Kuhusu Matundu ya Ukuta

Inatangazwa kwa umma kwamba ukuta wa bustani ya Idara hautavuja tena. Umekatazwa.

Waraka aliuandika Mkurugenzi mwenyewe, kwa uchungu. Ukuta ulikuwa mpya, umejengwa kuzuia udongo wa bustani ya juu usiporomokee jiko la wafanyakazi lililo chini. Lakini fundi, sijui alilogwa na nani, aliacha matundu kumi na mawili. Kila mvua ikinyesha, tope lilichuruzika juu ya rangi nyeupe. Na mgeni rasmi anakuja Ijumaa! Aibu gani hii?

"Bosi, hayo matundu ndiyo uhai wake," fundi alisema. "Kwa nyuma nimepaka lami, nikajaza kokoto. Maji yanashukia humo, yanatokea hapa. Ukiyaziba yatapita wapi?"

"Yatafuata utaratibu."

Kamati ya Matundu ilikaa siku mbili, ikanywa chai mara tisa, ikaridhia matundu yazibwe kwa saruji. Mkurugenzi akaongeza kifungu cha nne: atakayekutwa na nyundo ukutani, bila kujali cheo, asimamishwe kazi papo hapo. Hilo "bila kujali cheo" alilipenda mno. Alilisoma kwa sauti mara tatu, akajiona mtu wa haki.

Jumatano mvua ikanyesha tangu alfajiri. Kufika saa nne ukuta umeota kitambi. Mama Jikoni, mpishi wa Idara, akapanda ofisini na mwiko wake mkononi.

"Mwanangu, ukuta unanisogelea."

"Huo ni uimara unaojitokeza, mama. Kamati imethibitisha."

"Haya, kama ni uimara, nenda ukakae nao. Mimi nina wajukuu wanne wananitegemea. Nitapikia hapa."

Makarani walikuwa wamejaa mlangoni, masikio yamesimama. Mkurugenzi angesemaje kwamba anaogopa ukuta aliousifia mwenyewe? Akabeba mafaili yake, akashuka jikoni, akakaa kwenye meza ya kukatia vitunguu.

Ukuta ukalia: ta!

Aliogopa, jamani. Fundi, kwa bahati au kwa makusudi, alikuwa amesahau nyundo na patasi kwenye dirisha la jiko. Mkurugenzi akachungulia huku na huku, akavua koti, akatoka hadi ukutani, akaanza kuzibua. Tundu la kwanza likamtemea tope usoni. La pili likamlowesha kifua. Alipofika la kumi na mbili maji yalikuwa yanabubujika kote, na ukuta umetulia.

"Shikamoo, bosi." Ni mlinzi, ana waraka ndani ya mfuko wa nailoni usilowe. "Hiyo ni nyundo?"

"Ni... kifaa."

"Mimi mtu mdogo, bosi, nisingethubutu kutojali cheo chako. Ila wewe mwenyewe umeniandikia hapa."

Ijumaa mgeni rasmi alifika, akaukuta ukuta umesimama, matundu yote yanachuruzika. Alikuwa mhandisi zamani. Akapapasa kile kitambi, akaona mabaki ya saruji matunduni, akaguna, akauliza ni nani aliyewahi kuyazibua, maana ukuta ulibakiza kidogo tu uanguke. Alitaka ampongeze.

Alipopanda ofisini bado anauliza, Mama Jikoni alikuwa anamimina chai kwenye meza ya Mkurugenzi.

"Yule pale nje ya geti, mheshimiwa, anayelowa," alisema. "Tumemsimamisha kazi kwa kosa hilohilo."