Korido Hailipi Kodi

Jumatatu, 20 Mei

Nimekabidhiwa funguo za nyumba ya mama. Mimi! Dada alinipa mbele ya mumewe, na shemeji akameza mate kama mtu aliyemeza msumari. Nyumba kongwe. Vyumba vitano, korido ndefu katikati, uani choo na bomba. Nimetangaza kwamba nitaitengeneza iwe ya wapangaji, na watapigana vikumbo mlangoni.

Dada kakubali, ila kwa sharti. Jumapili ya tarehe 2 Juni ikifika hakuna mpangaji, anauza. Mnunuzi yupo tayari, shemeji ndiye aliyemleta. Anataka kubomoa apate pa kuegeshea malori.

Malori! Chumba cha tatu ndimo nilimozaliwa, nikiwa na meno mawili tayari, mkunga akakimbia akaacha viatu. Haliegeshwi lori hapo nikiwa hai.

Jumatano, 22 Mei

Nimechora ramani mwenyewe, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Shemeji alijitolea kusaidia. Ana futi ya chuma kiunoni, na anasema aliwahi kufanya kazi ofisi ya ramani. Ni kweli. Alikuwa akipeleka chai. Nikamwambia akapime mapazia ya dada.

Sasa uvumbuzi wangu. Korido! Inakula nafasi, hakuna anayelala humo, hailipi kodi. Miaka yote hiyo tumeifagia bure. Tukiibomoa, vyumba vitano vinakuwa sita, na vyote vinanenepa.

Fundi mwashi ni mtu wa maneno machache. Alijikuna kichwa kwa mpini wa mwiko, akauliza watu watapita wapi. Nikamjibu watapita mlangoni. Akauliza mlango upi. Nikamwambia fundi wa kweli haulizi habari za mlango kabla ya ukuta. Akaenda kuchanganya saruji. Nimemweza.

Shule niliishia darasa la sita. Mwalimu wa hesabu aliona haya kunifundisha.

Alhamisi, 30 Mei

Kazi imekwisha. Kuta zimenyooka, rangi ya bluu inang'aa. Nikawaita dada na shemeji waje kushangaa.

Wakashangaa.

Tuliingia chumba cha kwanza. Kutoka cha kwanza tukaingia cha pili. Kutoka cha pili, cha tatu. Hakuna njia nyingine. Tukaenda hivyo hivyo mpaka cha sita, kisha uani. Fundi amefuata ramani yangu bila kukosea hata inchi, msaliti yule.

Dada aligeuka pale uani akaniangalia.

"Mpangaji wa chumba cha kwanza akitaka kwenda chooni?"

"Atabisha hodi."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

"Na kurudi?"

Nikasema kurudi ni rahisi zaidi, maana watakuwa wameshamzoea.

Shemeji alicheka mpaka akakosa pumzi, akaegemea ukuta. Rangi ilikuwa mbichi. Ameondoka na nusu ya chumba cha nne mgongoni, juu ya shati jeupe. Faraja pekee ya siku.

Nilipendekeza tutoboe milango ya nje. Haiwezekani. Kushoto tumegusana ukuta na jirani. Kulia kuna kichochoro ambacho paka wawili wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume.

Dada hakucheka. Alirudi chumba cha tatu, akaupapasa ukuta. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nami sipendi kuuza. Ila Jumapili ni Jumapili."

Nilibaki nyuma nikakifagia chumba hicho mara mbili. Vumbi la saruji lilizidi.

Ijumaa, 31 Mei

Sina muda wa kuomboleza. Tatizo si nyumba, tatizo ni tangazo. Nimechukua ubao, nimeandika kwa mkono wangu, herufi za kuonekana toka mwezini: NAPANGA VYUMBA SITA. Nikautundika mlangoni, nikakaa kwenye kiti kusubiri msongamano.

Msongamano ukaja! Ila wa ajabu. Kila aliyekuja alikuwa na chumba chake cha kunipa. Mmoja ana chumba nyuma ya duka. Mwingine ana viwili, anataka mtu asiye na watoto. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole nina wake wangapi.

Kisha akaja dalali, kofia imekaa upande, akasema kanipatia sita, katika nyumba sita tofauti, zote karibu na kituo cha basi. Nikamuonyesha kwamba sita ninavyo. Akapita chumba hadi chumba akipiga mluzi, akatokea uani, akasema, "Mzee, hii si nyumba, hii ni treni." Akaenda zake.

Jioni dada, mwalimu mstaafu, alisimama mbele ya ubao kama aliyesimama mbele ya daftari langu la utotoni. Akanieleza kwamba anayepanga ni mpangaji. Mwenye nyumba anapangisha. Nikamjibu kwamba hata mimi nimepanga, tena kwa jasho, ama hivyo vyumba vilijipanga? Akashika kiuno, akatazama juu.

Jumamosi, 1 Juni

Nimesahihisha. Ilibaki kazi ya kuongeza ISHA tu. Nafasi mbele ya NAPANGA haikuwepo, kwa hiyo nimeiweka chini kabisa, peke yake, kwa rangi nyekundu ivutie.

Haijavutia. Watu wanasimama, wanasoma NAPANGA VYUMBA SITA, wanashuka chini wanasoma ISHA, wanatikisa kichwa, wanapita. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinipongeza kwamba vimeisha mapema.

Shemeji kapita mara tatu na mwenye malori. Wanapima mbele ya nyumba kwa ile futi. Niliwamwagia maji ya kuoshea brashi karibu na viatu. Bahati mbaya tu.

Nimekaa chumba cha tatu mpaka saa kumi na moja jioni. Sikufanya kitu. Nimekaa tu.

Jumapili, 2 Juni

Saa tatu asubuhi mwenye malori kaja na kalamu mfukoni. Dada kaketi kwenye kiti changu, karatasi za kuuzia mapajani.

Mara huyo, dalali wa kofia ya upande! Nyuma yake mwanamke mpana, utepe wa kupimia shingoni, pini zimejaa kwenye ukosi. Fundi cherehani. Ana mafundi wenzake kumi wanaoshona sare za shule barazani kwa watu, na mvua ikinyesha wanakimbizana na vitambaa. Dalali akamwambia, treni yenyewe ndiyo hii.

Akaingia cha kwanza. Sisi nyuma. Cha pili. Cha tatu. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Nilijua akifika uani atacheka, nikajiandaa kukasirika.

Hakucheka. Alirudi mpaka cha kwanza, akaanza upya polepole, akinyooshea kidole kila chumba.

"Hapa kukata. Hapa kushona. Hapa vifungo. Hapa pindo. Hapa pasi. Hapa kufunga." Akanigeukia. "Kitambaa kinaingia mbele, sare inatokea nyuma, hakuna anayepishana na mtu. Kaka, nani aliichora hii?"

Shemeji akafumbua mdomo. Nikamuwahi.

Anachukua vyumba vyote sita, miaka mitatu. Ana sharti moja tu, kwamba mtu yeyote asije akaweka korido. Dada alizikunja zile karatasi mara nne, akazitia ndani ya mkoba, kisha akanikumbatia mbele za watu, na mimi ni mtu mzima. Mwenye malori akaondoka na kalamu yake. Fundi mwashi, aliyekuja kudai salio lake, akanipa mkono wenye saruji, akaniita bosi, neno ambalo hakuwahi kulitumia.

Cherehani ya kwanza ilianza kulia saa nane mchana. Chumba cha vifungo. Nilipozaliwa mimi!

Jumatano, 5 Juni

Sifa zimeenea. Nimesaidia kidogo kuzieneza. Sasa kila mtu anajua kwamba nilikuwa na mafundi cherehani kichwani tangu mwanzo, na kwamba shemeji ndiye aliyetaka korido.

Mwenye nyumba ya ghorofa, ng'ambo ya barabara, ameniomba ushauri. Nilitazama mara moja tu nikaona tatizo. Ngazi! Inakula chumba kizima chini na kingine juu, na haijawahi kulipa kodi. Nimeamuru ivunjwe. Fundi mwashi alitaka kuuliza kitu, nikamkumbusha sare za shule. Akachukua nyundo.

Anafanya kazi haraka siku hizi. Mimi nipo huku juu nasimamia, upepo mzuri, naandika haya nikiwa nimekaa dirishani. Nyundo imenyamaza. Sasa fundi anaita kutoka chini, anauliza kama nilishashuka. Maswali gani hayo? Mahali pa msimamizi ni juu.