Mkwe Kidichi, Mimi Mangapwani

Jamaa zangu, leo nimeumbuka mchana kweupe. Nawahadithia mwenyewe, maana mwenye gari la ng'ombe niliyekutana naye ana mdomo, na kesho mjini pote watajua.

Mama mkwe wangu, Bi. Mwanaidi, kaja kutoka Makunduchi kututazama, mara ya kwanza tangu harusi. Harusi yenyewe aliikubali shingo upande. Alisema mimi nina maneno mengi. (Si kweli. Nina maelezo mengi.) Nikaona leo ndiyo siku ya kumpata. Nikaazima gari la ami yangu nimtembeze upande wa kaskazini, akaone majumba ya kale. Mke wangu Salma ana mimba kubwa na barabara ina mashimo, kwa hiyo kabaki nyumbani.

Mkwe kakaa nyuma na buibui lake. Mimi nyuma sitazami. Hata kioo nilikigeuza kikaelekea juu, maana kumkodolea macho mkwe ni utovu wa adabu, na adabu ninayo.

Maruhubi nikamwonyesha nguzo za kasri lililoungua, nikaeleza mpaka koo likakauka. Akasema, "Haya." Basi. Kidichi akaingia kwenye hamamu, ile nyumba ya kuogea Sultani aliyomjengea mkewe wa Kiajemi, akatazama nakshi za ukutani. Mimi nikatangulia kwenye usukani. Nikasikia mlango wa nyuma umefunguliwa, kisha umefungwa. Nikatia gea.

Njiani nikamweleza habari za chokaa, za mawe, za waashi waliojenga yale makuba. Kila nikimaliza jambo nasikia nyuma, chini kwa chini: "Kooo." Nikajua anaguna kwa kuridhika. Nikanogewa. Nikatoa hata la moyoni: "Mama, najua hukunitaka. Lakini Salma nitamtunza, na mtoto anayekuja nitamlea."

"Kooo," nikajibiwa, kwa upole kabisa. Nusura nilie.

Mangapwani, kwenye pango lenye maji, palikuwa na wanawake wanateka na mzee mmoja kapumzika. Nikashuka, nikainamisha kichwa, nikafungua mlango. "Teremka, Mama. Taratibu, pana mawe."

Akateremka kuku.

Kuku mwekundu, kafungwa kamba mguuni. Nyuma hamna mtu. Yule mzee akanitazama, akamtazama kuku. "Mama yako huyu?"

"Mkwe," nikasema. (Sijui kwa nini nilijibu.) Wale wanawake wakaweka ndoo chini ili wacheke vizuri.

Kumbe Bi. Mwanaidi kamnunua kuku pale Kidichi, kamtia garini, kafunga mlango, kisha karudi hamamuni kuvaa viatu vyake alivyoviacha mlangoni.

Nikageuza gari mbio. Si mbali na Kidichi nikakutana na gari la ng'ombe limepakia makumbi ya nazi, na juu ya makumbi kakaa mkwe wangu, kanyooka kama yuko kwenye kochi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshafika?"

"Nshafika."

"Nilikuita. Hata naam hukusema. Ulikuwa unazungumza."

Mwenye ng'ombe akatazama minazi, mabega yanamtikisika. Nikamfungulia mkwe mlango wa nyuma. Akaupita, akafungua wa mbele mwenyewe, akakaa. "Hapa utaniona."

Tulipofika Bububu akauliza, "Ulikuwa unasema nini muda wote huo?" Nikarudia, hata lile la moyoni, na mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa kuwa msikilizaji alikuwapo. Halafu nikaona buibui linatikisika. Mama alikuwa anacheka.

"Nitakaa mpaka Salma ajifungue," akasema. "Wewe si wa kuachiwa mtu."

Tukaingia mjini hivyo hivyo, mkwe mbele, Darajani nzima inatazama. Mnaotaka kucheka, chekeni kwa adabu. Na atakayempakia mkwe wake, heshima aiweke moyoni, macho ayaweke nyuma.