386 au 486, na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Septemba 1992

Siku ya tatu bila mke wangu Daphrose. Yuko kwao Kabuga. Aliondoka na begi moja, na mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningejua ni hasira tu, zitapoa.

Sababu ni ng'ombe. Yule tuliyepewa na baba mkwe baada ya ng'ombe wa mahari kuzaa. Heshima ya ukoo kwa ukoo. Nimemuuza ninunue kompyuta. Nilimweleza mke wangu kwamba kompyuta haili majani wala haishikwi na kupe. Hakucheka. Aliuliza kama inakamuliwa. Swali gani hilo!

Desturi iko wazi. Mume huenda ukweni na pombe na msemaji, anaomba radhi, anarudi na mke wake. Ningeweza kwenda hata kesho. Lakini niende mikono mitupu? Kwanza ninunue mashine, niingie Kabuga kama mtu mwenye kitu.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ya utoto wangu Bujumbura, kwa sababu Daphrose haisomi. Tahadhari ya bure. Hayupo wa kusoma.

Jumanne, 8 Septemba

Dukani kwa Nzeyimana, mjini Kigali. Kompyuta mbili, sura moja, bei moja. Zinatofautiana prosesa, yaani ule ubongo wa ndani. Moja ni 386, kasi yake arobaini. Nyingine ni 486, kasi yake ishirini na tano. Nikamwuliza ipi bora. Akasema, "Hii iko na nguvu, ile iko na mbio," akaendelea kupanga betri za redio.

Nikasema nichagulie. Akasema inategemea kazi. Kazi gani? Akaniuliza mimi! Sikuwa nimefika huko. Nikajibu mahesabu. Akauliza mahesabu ya nini. Nikaaga.

Nyumbani nimekaa na kalamu. 486 inaizidi 386 kwa mia moja. 386 inaizidi 486 kwa kumi na tano tu. Mia ni nyingi. Lakini arobaini kwa ishirini na tano, hiyo ni karibu mara mbili! Nimefuta. Nimeanza upya. Maharage yameungua.

Jumatano, 9 Septemba

Eustache amejua. Huyu ni jirani yangu, mwalimu, mtu wa kwanza mtaani kwetu Nyakabanda kuwa na video, na tangu siku hiyo hatujapumua. Kompyuta ya kwanza mtaani lazima iwe yangu.

Akaniambia kwa upole kuwa yeye angechukua 486. Upole wa Eustache naujua. Anataka nikimbilie 486 ili yeye achukue 386. Basi jioni, baani, mbele ya watu, nikatangaza kuwa nachukua 386. Aikimbilie hiyo, aniachie 486! Akanywa kidogo, akasema hata 386 ni nzuri.

Ana maana gani? Nimerudi nilipoanzia, nina madeni ya bia, na sijiamini hata mimi mwenyewe.

Ijumaa, 11 Septemba

Ujumbe kutoka Kabuga, umeletwa na mama muuza nyanya. Baba mkwe ananisubiri Jumapili baada ya misa. Nisipokuja Jumapili, nisije tena.

Nimekaa kitandani muda mrefu. Namtaka Daphrose. Nyumba imepoa. Nikikohoa hakuna anayeniambia nivae sweta.

Kisha nikakimbilia kwa Nzeyimana nimalize jambo leo leo. Kumbe wateja wamegawanyika! Siku hizi kila mtu Kigali ana chama chake na kofia yake, na sasa mashine nazo zimepata wafuasi. Watu wa 386 mlangoni, watu wa 486 ukutani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwasha kompyuta. Mmoja akamwambia mwenzake watakutana nje. Nilicheka, kisha nikawatazama nyuso, nikaacha. Nzeyimana akafunga duka saa tisa mchana.

Nimerudi na pesa zote za ng'ombe kwenye koti.

Jumapili, 13 Septemba

Nimetoka Kabuga.

Msemaji anatakiwa awe mzee wa busara. Nilimchukua Eustache. Anasema vizuri, na akiwa nami Kabuga hawezi kuwa kwa Nzeyimana. Njiani kizuizi cha wanajeshi. Tangu vita vianze kaskazini hakuna safari fupi. Vitambulisho. Wakaonja dumu letu la pombe ya ndizi ili wajue si petroli. Walionja wote saba.

Baba mkwe alitupokea bila kelele. Eustache alianza vizuri mno. Aliinamisha kichwa, akataja methali, akaniita mtoto aliyepotea njia. Mzee akauliza jambo moja tu: je, pesa za ng'ombe zitarudi kuwa ng'ombe?

Daphrose alikuwa nyuma ya pazia. Niliona miguu yake. Alikuwa amevaa viatu, na begi lilikuwa kando ya viatu, limefungwa. Nilitakiwa kusema ndiyo. Nilifungua mdomo.

Eustache akaniwahi. Akasema bila shaka ng'ombe atarudi, huyu ndugu yetu hana haja kabisa na ile 486.

Aha! Nikasimama. Nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba 486 ni yangu, na asiiguse mtu. Mzee akauliza 486 ni nini. Nikamweleza. Nikaeleza na 386, ili alinganishe. Nilipotazama tena chini ya pazia, miguu haikuwapo. Begi pia.

Baba mkwe akaliinua dumu, akaliweka mbele yangu. Pombe kurudishwa, yaani radhi imekataliwa! Akasema kwa sauti ya kawaida kuwa ni zito, nilibebe polepole.

Kwenye basi Eustache ameapa hajawahi kutaka kompyuta, alitaka tu Daphrose arudi nyumbani. Nililia kidogo, nikatazama dirishani ili asione.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimemsubiri Nzeyimana afungue duka. Nimechukua 486. Eustache amepita akienda shuleni, amenipongeza. Anajifanya tu.

Jumatano, 16 Septemba

Munyaneza, kaka yake Daphrose, amekuja na gari kuchukua vitu vya dada yake. Sufuria. Cherehani. Meza pia ilikuwa yake, kwa hiyo aliinyanyua kompyuta taratibu akaiweka sakafuni. Mtu mstaarabu.

Alipomaliza kufunga kamba akasimama mlangoni. Akasema dada yake amemtuma aulize kama nina neno lolote la kumpelekea. Hata moja. Alirudia: hata moja tu, shemeji, kwa mdomo.

Amemtuma aulize! Nikamwambia neno kama hilo halipelekwi kwa mdomo, asubiri. Nikapiga magoti sakafuni, nikaiwasha mashine. Ikahesabu kumbukumbu zake. Ikanitaka tarehe. Ikanitaka saa. Nikakosea saa, nikaanza upya. Munyaneza alitazama mawingu, akatazama meza ya mbao juu ya gari, akasema mvua inakuja.

Gari lilipokata kona ndipo kioo kilipotulia, tayari kwa kuandika. Nimeandika: Rudi. Nimelitazama neno hilo mpaka umeme ukakatika.

Kosa sasa naliona wazi. 386 ingekuwa imeshawaka zamani. Kesho asubuhi naenda kuibadilisha.