Jinsi Usubi Ulivyokomeshwa Jumatatu

Ilitangazwa, na ikaeleweka kwa wote wenye nia njema, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi ugonjwa wa usubi hautakuwepo tena katika wilaya. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwenye ukuta wa soko, na kwenye nguzo kule kijijini mtoni, ambako wengi wa waliohusika hawakuweza kulisoma kwa sababu usubi ulikuwa umekwisha kuwapofusha. Katibu aliyeliandika hakuona kasoro yoyote hapo. Tangazo la serikali kazi yake ni kubandikwa. Kusomwa ni ziada.

Katibu huyu alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Meza yake ilikuwa nje ya mlango wa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, na kwa miaka aliyokaa pale alikuwa amekomesha mengi kwa kalamu. Njaa aliikomesha kwa kuiita pengo la muda kati ya mlo na mlo. Ukosefu wa maji aliukomesha kwa kufunga dirisha la malalamiko. Mheshimiwa alimpenda, na yeye alijipenda kiasi.

Usubi ulimsumbua zaidi, maana ulikuwa na mdudu wake, wa jina lile lile. Ni mdudu mweusi, mdogo kuliko inzi, mwenye kibiongo, anayezaliana penye maji yaendayo kasi na kuuma mchana kweupe bila kujali cheo. Akikuuma leo na kesho, mwaka baada ya mwaka, anakuachia minyoo wadogo wanaotambaa chini ya ngozi. Kwanza unawashwa mpaka unalala na gunzi la hindi la kujikunia. Kisha miguu inatoka mabaka. Mwisho minyoo hao wanafika machoni. Kule mtoni hakukuwa na nyumba isiyokuwa na kipofu wake: huku babu, kule mama wa watoto, na nyumba nyingine baba na mama wote wawili, wakiongozwa na mtoto aliyeshika ncha moja ya fimbo wakati wenzake wako shule.

Dawa ilikuwepo. Ni vidonge vinavyotolewa bure mara moja kwa mwaka, na mtu hupimwa urefu ili ijulikane ameze vingapi. Lakini kumaliza usubi kwa vidonge ni kazi ya miaka mingi, na Mgeni Rasmi kutoka makao makuu alikuwa anakuja Jumatatu kukabidhi ngao ya wilaya isiyo na usubi. Wilaya jirani ilikwishapata yake. Mheshimiwa hakulala vizuri tangu aione kwenye televisheni.

Kwa hiyo Kamati ya Kutokomeza ikaketi. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mpole asiyejua siasa, alisimama akasema kwamba vidonge vya mwaka huu bado viko stoo, havijagawiwa. Mheshimiwa alimshukuru kwa uzalendo wake, kisha akamweleza kwamba kuweka dawa ya ugonjwa usiokuwepo ni kueneza hofu. Makasha yakapakiwa kwenye gari yarudi bohari ya mkoa. Halafu ikaamuliwa kwamba neno "kipofu" lisitumike tena, kwa kuwa linarudisha nyuma maendeleo. Badala yake waitwe "wananchi wenye mtazamo wa ndani". Wajumbe wakapiga makofi. Lakini mjumbe mmoja wa makamo akauliza, kwa adabu, je, Mgeni Rasmi akiwaona?

Hapo Katibu alinyoosha mkono. Wahenga, alisema, walitwambia macho hayana pazia. Huo ni upungufu, na Kamati ina uwezo wa kuyanunulia. Alipendekeza miwani myeusi kwa wananchi wote wenye mtazamo wa ndani, pamoja na makoti. Na ili wasitofautike, viongozi wote nao wavae miwani hiyo hiyo. Mheshimiwa alimtazama kwa muda mrefu, kama baba anayemwona mwanawe akitembea mara ya kwanza, akasema huyu kijana atafika mbali. Ijumaa akamtuma mtoni.

Kijiji kile Katibu alikijua. Dada yake mkubwa aliolewa huko, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Karo yake yote ilitoka kwenye bustani ya vitunguu iliyokuwa ukingoni mwa mto ule ule, ambamo dada aliinama miaka na miaka, mgongo juani na miguu kwenye maji, wadudu wakijilia. Hilo Katibu alilijua pia, ila alilijua kama mtu anavyojua jina la mtaa asiopita.

Alianza kazi mara alipofika. Kamba zilikuwa zimefungwa toka kila mlango mpaka chooni, na toka chooni mpaka kisimani, ili asiyeona ashike na kufuata. Katibu akaagiza siku ya sherehe zitundikwe nguo, zionekane ni za kuanikia. Mzee mmoja akamuuliza: yeye akiwa anaifuata kamba yake kwa haraka, na haraka ya choo haina mzaha, akakutana uso kwa uso na shuka mbichi, afanyeje? Katibu alimjibu kwamba ni siku moja tu, na mzalendo anaweza kujibana. Mzee akasema ndiyo, mwanangu, uzalendo anao, ila kibofu ni cha zamani.

Jua lilipopinda Katibu akaenda kwa dada yake na koti moja mkononi, la kwake mwenyewe, kwa ajili ya shemeji. Shemeji alikuwa mnadi kwenye mnada wa ng'ombe kabla macho hayajazima. Mnada ulimwacha, sauti ikabaki. Hata kuomba chumvi aliomba kwa sauti ya kuuza fahali. Alikaa kizingitini akajaribu koti, likamkaa kama lilishonwa kwa ajili yake, akauliza kama sasa amekuwa mtu mkubwa. Katibu akasema bado miwani.

Dada alileta mtungi na kikombe amkaribishe mdogo wake maji. Akamimina. Maji yakapita pembeni ya kikombe, yakaingia mkekani, na yeye akaendelea kumimina kwa upole ule ule.

"Dada, yanamwagika."

"Najua. Nayasikia."

Katibu aliuliza tangu lini. Dada akasema tangu masika. Jicho la kushoto ndilo lililotangulia, la kulia linaona mwanga na kivuli, na uso wa mtu akija karibu sana.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia mimi ni nani, mdogo wangu? Nasikia sasa tuna jina jipya."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anayeuliza bei. Kisha akataka kujua vidonge vinakuja lini, maana muuguzi alimwambia kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kushikwa, na hilo jicho moja lilikuwa bado linamtosha kumenya vitunguu na kumwona mumewe akiwa amefunga vifungo vibaya. Katibu alifungua mdomo aeleze habari ya hofu na uenezaji wake. Sentensi alikuwa nayo, aliiandika mwenyewe. Badala yake akainama akamfunga shemeji vifungo.

Jumamosi na Jumapili alikaa nyumbani. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Alipiga pasi shati moja mara nyingi mno.

Jumatatu ikafika. Jukwaa lilijengwa ukingoni kabisa mwa mto, kwa sababu Mheshimiwa alitaka televisheni imwonyeshe na maji yakitimka nyuma yake. Viongozi walijipanga mstari wa mbele, wamevaa makoti na miwani myeusi. Wananchi wenye mtazamo wa ndani wakakalishwa kati yao, makoti na miwani vilevile, bila fimbo. Nguo zilipepea juu ya kamba kijiji kizima, ungedhani watu wale hawana kazi nyingine ila kufua.

Usubi, ambao haukusoma tangazo, ukaja.

Ulikuja kama unavyokuja kila asubuhi pale mtoni. Wenyeji waliupangusa bila kugeuka. Viongozi, ambao hawakuzoea, walianza kujipiga makofi mashavuni, wakarusha mikono, wakavua viatu, mmoja akaimba. Mheshimiwa aliumwa shingoni, masikioni, kisha juu ya jicho moja na baadaye la pili, yakavimba mpaka yakabaki kama mikato miwili ya wembe. Akatupa miwani na koti, akakimbilia ndani ya gari lake, akapandisha vioo, akajiwekea leso yenye maji usoni. Alimwambia dereva kwamba anasubiri hali itulie. Mgeni Rasmi asingefika kabla ya saa sita. Wageni rasmi hawajawahi.

Mgeni Rasmi akafika saa tatu. Alikuwa mgeni katika cheo na bado hajafundishwa kuchelewa. Mheshimiwa hakumjua kwa sura, wala yeye hakumjua Mheshimiwa. Alishuka garini, akatazama mstari wa mbele. Nusu ya watu walikuwa wanachezacheza kama waliokalia siafu. Nusu ilikuwa imetulia, mikono magotini, vichwa vimeinuka. Katikati ya waliotulia, ndani ya koti zuri, alikaa mtu mmoja aliyeonekana kama nchi ni yake. Mgeni Rasmi akamgeukia Katibu, mshika itifaki.

"Yule ndiye Mkuu wa Wilaya?"

Neno moja tu lilitakiwa, na Katibu alikuwa nalo. Alitazama gari lenye vioo vilivyofungwa. Alitazama upande wa wanawake, ambako dada yake alikuwa amekaza shingo, miwani mkononi, akigeuza lile jicho la kulia huku na huku akilitafutia mahali penye mwanga.

"Ndiye," akasema. "Karibu sana."

Shemeji alishtukia ameshikwa mkono na kupongezwa, viongozi wakiwa bado wanajipiga mashavuni. Akapewa ngao kwapani na kipaza sauti mkononi. Katibu akamwinamia sikioni, akamwambia kwamba kwa sasa yeye ndiye Mkuu wa Wilaya, redio ziko hewani, aseme anachotaka. Shemeji alikipapasa kipaza sauti kwa kidole gumba kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Kisha akasimama.

"Wananchi, usubi tumeumaliza kwenye karatasi. Sasa tuumalize kwenye ngozi. Vidonge vilivyoondoka vinarudi wiki hii. Wa kwanza kumeza ni mimi Mkuu wa Wilaya, mkiniona wote mnaoona. Na ofisi yangu inahamia hapa mtoni, meza na bendera, haiondoki mpaka usubi uondoke kwanza. Kuna anayepinga? Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Imekwenda."

Umati uliitika mpaka sauti ya mto ikamezwa. Mgeni Rasmi alisimama kupiga makofi. Alisema baadaye kwamba hajawahi kumsikia kiongozi akijiamuru mwenyewe.

Wakati huo Mheshimiwa alikuwa ameisikia sauti na kutoka garini, leso usoni, akipapasa hewa. Askari wa msafara wa Mgeni Rasmi alimwahi. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri.

"Taratibu, mzee. Nishike mkono, hapa pana ngazi."

"Mimi ndiye Mkuu wa Wilaya."

"Ndiyo, mzee," askari akasema kwa huruma, "leo sote ni wakuu." Akamkalisha mwisho wa benchi, na kwa kuwa alimwona hana fimbo, akamkatia moja.

Kesho yake Mheshimiwa alimwita Katibu ofisini. Macho yalikuwa yamefunguka kiasi. Akaagiza taarifa ya kukanusha itoke mara moja: aliyehutubia hakuwa yeye. Katibu alichukua kalamu, akauliza kwa unyenyekevu aandike alikuwa nani.

"Andika alikuwa kipofu wa kijijini."

"Wilaya haina vipofu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akasema basi aandikwe mwananchi mwenye mtazamo wa ndani. Katibu akamkumbusha kwamba makao makuu watauliza maana yake, tena watauliza ilikuwaje Mgeni Rasmi, mwenye macho mawili, asimtambue. Kuandika hivyo ni kusema Mgeni Rasmi ndiye asiyeona. Mheshimiwa alitaka kumfukuza kazi pale pale, lakini barua ya kufukuza hudai sababu, na sababu ilikuwa ile ile. Kabla hajaamua, simu ikalia. Mgeni Rasmi alikuwa anampongeza tena kwa hotuba, na kumwarifu kwamba atakuja mwenyewe, na wanahabari, kumshuhudia akimeza.

Basi ikawa hotuba ni ya Mheshimiwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila safari hii aliyefunikwa ndani ya kombe alikuwa mwenye kombe.

Makasha yalirudi kutoka bohari. Ofisi ikahamia mtoni kwenye chumba cha mabati, na zulia lake. Siku ya kumeza, muuguzi alisimamisha kijiti cha kupimia urefu, na Mheshimiwa, ndani ya koti na miwani myeusi ili Mgeni Rasmi asione tofauti, akawa wa kwanza mbele ya kamera. Kwa kuwa ni mfupi, kipimo chake kilikuwa vidonge vichache kuliko vya msafisha ofisi. Alinong'ona kwamba kwa cheo chake angestahili zaidi. Muuguzi akamwambia kijiti hakijui vyeo. Nyuma yake kijiji kizima kilijipanga. Dada alipofikiwa, Katibu alimshika kiwiko, akamwekea vidonge kiganjani, akamshikia kikombe cha maji. Dada alimeza, akamsogelea mdogo wake usoni karibu kabisa, akamtazama.

"Umekonda," akasema.

Tangu hapo Katibu alilala kwa dada yake, maana ofisi ilikuwa pale pale, na shati lake likaacha kusimama. Mheshimiwa alikaa kwenye chumba cha mabati akisaini kwa mkono mmoja na kujipiga shingoni kwa mwingine. Wiki ya pili aliuliza usubi utaondoka lini. Muuguzi akamweleza kwamba minyoo wakubwa huishi mwilini miaka kumi na zaidi, hivyo itabidi watu wameze kila mwaka, bila kuruka. Mheshimiwa alijikuna mkono, akauangalia, akajikuna tena. Akaomba apewe vidonge vingine kidogo, faraghani.

Muuguzi alimwambia vya mwaka huu ameshameza. Vya mwakani aje kwenye foleni, na awahi, kwa sababu watu ni wengi.