Basikili Mtaroni

Jumapili, 23 Novemba

Tumepiga kura ya majina kwa ajili ya usiku wa zawadi wa Mtakatifu Nikolasi, tarehe 5 Desemba. Kila mtu amtungie mwenzake shairi la kumtania kwa mambo ya mwaka mzima. Tutasingizia kwamba limeandikwa na Mtakatifu Nikolasi, kisha mwenye jina alisome mbele ya wote. Mimi nitaniwe? Thubutu! Nimelificha jina langu kwenye mkono wa sweta, nikajifanya nimelichomoa kofiani. Shairi langu nalitunga mwenyewe, na lile la Machi, nilipotumbukia mtaroni na basikili, halitatajwa. Jirani Wubbo nilimwambia nilitoka mle kwa nguvu zangu. Femke, mke wa mwanangu, anaujua ukweli, ila hajamwambia mtu hadi leo. Lakini nani ajuaye kalamu yake ingeandika nini?

Jumatano, 3 Desemba

Kujisifu kazi! Nimepata mstari mmoja:

Aaltje mwanamke shupavu, nyonga mpya, hana wivu.

Nikakwama. Januari nyonga: nani alinivisha soksi? Femke. Februari mafua: supu ya njegere ya nani? Ya Femke, tena chumvi imezidi. Kila mwezi nikiupekua, huyo hapo kasimama na sufuria! Nikamtupa nje, shairi likabaki mifupa. Kwa hasira nikaandika yote yaliyonikaa rohoni, nipumue tu. Halafu nikaandika jingine safi, la sifa zangu peke yangu. Hilo ndilo nitakalofunga na zawadi.

Ijumaa, 5 Desemba

Balaa!

Zamu yangu ilipofika nikasema nimesahau miwani, Femke anisomee. Nilitaka sifa zangu zitoke kinywani mwake, azimeze zote. Akafungua karatasi. Ile ya hasira, nimeifunga kimakosa!

Basikili mtaroni, Bibi yumo matopeni,
Femke kamshika shingoni. Mkwe, ahsante moyoni.

Mwanangu Harm akaichungulia karatasi, akasema mbinguni hakuna mtakatifu anayeandika baisikeli “basikili”, yuko mmoja tu duniani naye ni mama yake. Nikamwambia afunge mdomo, nilimzaa kwa uchungu.

Femke akapangusa macho. Akasema, “Mama, shairi zuri, ila lina uongo. Sikukushika shingoni. Nilikuvuta sikio.”

Wakacheka mpaka mjukuu wangu Jitske akapaliwa na biskuti. Nami nikacheka, basi. Femke akanikumbatia, sikumsukuma. Mwaka ulikuwa mbaya na mzuri, na mimi nimo bado, nimekaa karibu na jiko, mkononi herufi ya kwanza ya jina langu, ya chokoleti, kama kila mtu anavyopewa usiku huu. Mungu ahsante. Lakini chokoleti ya Harm ilikuwa kubwa zaidi.

Jumamosi, 6 Desemba

Femke kaleta supu. Nimemwambia chumvi imezidi. Nimekunywa bakuli mbili.

Wubbo kasikia habari za shairi, kauliza kama kweli mkwe wangu ndiye aliyenitoa mtaroni. Nikamjibu mashairi ni mashairi, mimi nilitoka mwenyewe.

Mwakani nitaficha majina mawili, langu na la Femke, naye nimtungie mimi. Na miwani nitaivaa.

Mchana huu naenda dukani kwa basikili. Theluji imeanza. Njia ya kando ya mtaro ndiyo fupi.